Nilivyomwombea Baba Mkubwa Msamaha Asioutaka

Leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya jumuiya nzima, nikiwa nimeshika kamba ya ng'ombe.

Naomba msome mpaka mwisho kabla hamjaanza kucheka. (Najua hamtaweza. Nimeomba tu.)

Tuanze na chumba. Baba Mkubwa, kaka yake baba, ana nyumba Majengo hapa mjini, jirani na maseremala. Chumba cha mbele, kinachotazama barabara, kiko wazi tangu fundi cherehani aliyekuwa amekipanga ahamie Tarakea. Mimi nina digrii, nina mashine ya gemu, sina ajira. Nikafikiri: chumba kile kiwe cha gemu. Vijana waje wacheze, mimi nikae mlangoni nijiite mkurugenzi.

Tatizo ni kwamba Baba Mkubwa anaamini gemu ni ugonjwa. Tena hana imani kubwa na elimu yangu. Mwaka niliohitimu alinunua ng'ombe wa maziwa akampa jina la Digrii. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Hii yangu inatoa maziwa asubuhi na jioni. Ya kwako inatoa nini?" Tangu siku hiyo kila nikipanda Machame, anakoishi, kumsalimia nasikia, "Digrii ameshiba?" "Digrii anaharisha." Nimezoea. (Sijazoea.)

Basi leo Jumapili, baada ya ibada, nimefunga mashine kwenye begi nikapanda kwenda kumshawishi. Nilikuwa nimejiandaa. Usiku nilikusanya mtandaoni faida zote za kucheza gemu: zinafundisha kuangalia mambo mengi kwa wakati mmoja, kuamua haraka, kusoma ramani, kushirikiana na watu, kuvumilia kushindwa. Mimi ambaye huuliza kila mtu "ushahidi uko wapi?", mimi niliyewahi kumnyooshea mchungaji mkono katikati ya mahubiri (swali lilikuwa zuri, jibu sikupata), jana nilimeza kila nilichosoma bila kutafuna. Ukitaka chumba, unaamini.

Nimekuta wanakula. Shikamoo, marahaba, kaa hapo, chukua sahani. Mama Mkubwa alikula haraka akajifunga kitenge kipya, kwa sababu leo jumuiya inasali kwa Mzee Anaeli, jirani wa upande wa chini.

"Baba Mkubwa, wewe huendi?" nikauliza, ingawa jibu nalijua.

"Mimi nasali na Mungu, sisali na Anaeli."

Hawa wazee wawili walibatizwa siku moja, wanaimba besi kwenye kwaya moja, na hawasalimiani. Ugomvi wao ni mparachichi ulioota mpakani: shina upande wetu, matawi yenye matunda upande wao. Baba Mkubwa alikata tawi. Mzee Anaeli akasema lile lilikuwa tawi lake. Basi. Tangu hapo mmoja akianza ubeti, mwenzake ananyamaza mpaka ubeti uishe.

Wangemalizana zamani, ila kila mmoja anasubiri mwenzake alete masale. (Kwa ninyi wa Dar na Mwanza: masale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Mtu aliyekukosea akija kwako ameshika masale, amekiri kosa na anaomba msamaha. Na wewe huna ruhusa ya kukataa. Ukikataa, balaa litakalofuata ni lako na watoto wako.)

"Kwani ukimpelekea wewe unapungukiwa nini?" nikamuuliza. "Si jani tu?"

Mama Mkubwa, aliyekuwa mlangoni anavaa viatu, akaacha kuvaa.

"Umesema?" akasema Baba Mkubwa.

"Jani, Baba Mkubwa. Jani halijui nani kamkosea nani. Watu wazima mngekaa mkaongea."

Akaweka kijiko chini polepole, akaniita kwa jina. "Ndeshi. Masale si jani tu. Masale yakishapokelewa, neno limekwisha. Hakuna kurudi nyuma. Hata kama aliyeyaleta ni kichaa."

"Nani alithibitisha?"

"Kula ndizi zako."

Yashikeni mazungumzo haya.

Mama Mkubwa akaondoka. Mimi nikaunganisha mashine kwenye runinga ya sebuleni, nikaweka gemu la mpira, nikasimama mbele ya Baba Mkubwa kama ninatetea tasnifu.

"Watafiti wanasema mchezaji wa gemu anaweza kuangalia mambo mengi kwa wakati mmoja."

"Watafiti gani?"

"Wa... nje."

"Nje wapi? Hapo nje?" Akachungulia dirishani, kwenye migomba.

Huyo ndiye mtu niliyerithi kwake maswali. Nikaendelea na kuamua haraka, na ramani, na ushirikiano. Yeye anatazama tu wachezaji wadogo wanavyokimbia kwenye kioo. Nilipomaliza akapiga mwayo mrefu.

"Mambo mengi kwa wakati mmoja," akasema.

"Ndiyo."

"Sawa. Mimi napumzika. Mtoe Digrii, fagia banda lake, mkatie majani, na uangalie maharage jikoni. Nikiamka nikakuta ng'ombe yupo, banda safi na maharage hayajaungua, chumba cha Majengo chukua. Nikikuta kimoja kimeharibika, hilo begi lako usilipandishe huku tena."

Jamani! Banda, ng'ombe, maharage! Mimi ambaye kwenye gemu naongoza wachezaji kumi na mmoja! Nilikaribia kumhurumia mzee kwa jinsi alivyojifunga mwenyewe.

Nikamtoa Digrii bandani. Ng'ombe mkubwa, mpole, ana mimba, ana macho ya mtu anayejua siri yako. Nikatafuta mahali pa kumfunga. Kahawa nikaona ni nyembamba, atavunja. Nikachagua kitu kinene, kilichosimama vizuri.

Nikamfunga kwenye mgomba.

(Waliokulia huku wameshaanza kucheka. Kwa wengine: sisi ng'ombe tunawakatakatia migomba wakala. Yaani nilimfunga Digrii kwenye chakula chake, nikampa na kamba ya kukishikilia kisikimbie.)

Nikafagia banda. Safi! Nikakata majani. Safi! Nikaonja maharage, nikaongeza maji. Safi! Baba Mkubwa anakoroma chumbani. Nikajiambia, Ndeshi, una nafasi ya mechi moja. Moja tu, ya kupasha vidole moto, ili mzee akiamka nimwonyeshe ninavyofunga. Nikakaa sebuleni, dirisha wazi, sikio moja nje. Mambo mengi kwa wakati mmoja.

Nilikuwa nimefungwa manne bila. Na kompyuta. Kwenye kiwango cha wanaoanza. (Lilikuwa jua, liliakisi kwenye kioo.)

Nikasikia kishindo. Nikasimamisha gemu, nikachungulia. Mgomba uko chini, nusu yake haipo. Kamba haipo. Digrii hayupo.

Sikupiga kelele, kwa sababu kelele ingemwamsha Baba Mkubwa, na Baba Mkubwa akiamka chumba kimekwenda. Nikatoka kwa ncha za vidole, nikafuata majani yaliyokanyagwa, nikapita kwenye kahawa, nikamwona. Alikuwa ameshavuka mfereji na mpaka. Anatembea taratibu, mkia unacheza, kuelekea kwa Mzee Anaeli.

Niliwaza hivi: ng'ombe bila fimbo hasikii. Fimbo sina. Mbele yangu kuna mpaka, na mpakani kuna mstari wa masale, marefu, mabichi, yenye shina imara. Moyo ukasita kidogo. Kisha nikakumbuka kuamua haraka. Nikavunja moja, na majani yake yote juu kama bendera.

Jani tu.

Nikaruka mfereji. Nikakumbuka na ramani: nikipita nyuma ya banda la kuku la Mzee Anaeli nitamtangulia Digrii, nitamgeuza, tutarudi nyumbani kimya kimya, mzee hatajua. Nikapita nyuma ya banda la kuku. Nikatokea. Ramani yangu ilikuwa sahihi kabisa. Nilitokea pale pale nilipotaka, sekunde ile ile aliyotokea Digrii, nikadaka kamba yake kwa mkono wa kushoto. Nikafurahi! Nikageuka.

Nilikuwa katikati ya uwanja wa Mzee Anaeli. Jumuiya nzima imekaa kwenye mabenchi na viti vya plastiki, vitabu vya nyimbo mapajani. Mwinjilisti amesimama, mdomo wazi. Mama Mkubwa mstari wa mbele.

Nijionee huruma kidogo niwaelezee walichokiona. Waliona mtoto wa nyumba ya adui ameingia katikati ya ibada, anahema, kichwa kimejaa majani makavu. Mkono wa kulia ameshika masale, ameyainua juu. Mkono wa kushoto anaongoza ng'ombe wa maziwa mwenye mimba.

Kuku mmoja alilia. 

Mzee Anaeli akasimama. Akavua kofia.

"Shikamoo," nikasema. Nini kingine ningesema?

"Marahaba, mwanangu." Kofia kifuani. "Amekutuma?"

"Nani?"

"Baba yako mkubwa. Ameona aibu kuja mwenyewe, amekutuma wewe."

"Hapana, babu, mimi ni huyu ng'ombe tu..."

"Ng'ombe!" Mwinjilisti akaruka. "Mmesikia? Watu huja na masale mkono mtupu, wengine na mbuzi. Huyu ameleta ng'ombe! Na ndama tumboni!"

"Si hivyo, baba mwinjilisti, yeye alikuwa anakula mgomba..."

"Ameleta na aliyeshiba!" akasema mama mmoja nyuma.

Nikamtazama Mama Mkubwa. Yeye anajua. Ndiye anayemkamua Digrii, anajua mumewe angegawa nyumba kabla ya kumgawa huyo ng'ombe. Nikamtolea macho ya kuomba msaada. Mama Mkubwa akanitazama. Akatazama kamba mkononi mwangu. Akatazama kipande cha gamba la mgomba mdomoni mwa Digrii. Akaelewa yote, naapa alielewa yote.

Kisha akainuka na kitenge chake kipya, akapiga vigelegele.

Wanawake wote wakaitikia. Akaja kunikumbatia, na katikati ya kumbatio akaninong'oneza sikioni, "Funga mdomo hivyo hivyo. Nimechoka kuomba parachichi kwa kuibia."

Mzee Anaeli akanijia. Nilitaka kuficha masale nyuma. Mtaficha wapi masale yenye urefu wa mtoto? Akayapokea kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, mzee wa watu, yanapita kwenye mikunjo yanashuka kwenye tai.

"Na mimi nilikosa," akasema. "Tawi lile lilikuwa linaangusha maua kwenye mfereji wao. Nilijua. Nilikuwa najua siku zote."

Hapo ndipo niliposhindwa kabisa. Unamwambiaje mtu anayelia kwamba ile ilikuwa fimbo? Wenye falsafa nisaidieni. Mimi niliyeuliza maswali shule ya msingi mpaka chuo kikuu, leo sikuwa na swali hata moja.

"Tumsindikize!" akasema mwinjilisti. "Tumpeleke mpaka kwake!"

Nikajaribu, "Amelala..."

"Tutamwamsha kwa wimbo!"

Basi tukapanda. Mbele Mzee Anaeli na masale, nyuma yake mimi na Digrii, nyuma jumuiya wanaimba kwa sauti tatu. Besi peke yake ilikuwa dhaifu, na sote tulijua kwa nini. Tukapita chini ya mparachichi wenyewe. Mimi naomba kimoyomoyo mvua, radi, tetemeko, chochote. Mlima ulikuwa wazi, mweupe, unatazama tu.

Baba Mkubwa akatoka barazani na singlendi na bukta, alama ya mto shavuni. Akatazama watu. Akamtazama Digrii. Akamwona Anaeli, mtu ambaye hajakanyaga uwanja ule tangu tawi lianguke, ameshika masale.

Kwa sekunde moja uso wake uling'aa. Alidhani yeye ndiye aliyeletewa!

"Meku," Mzee Anaeli akasema, yaani mzee mwenzangu, "nimepokea masale yako. Yamekwisha."

Uso wa Baba Mkubwa ukafanya kitu ambacho sijawahi kuona uso ukifanya. Macho yakatoka kwenye masale, yakaenda kwenye kamba, yakaenda kwenye mgomba ulioliwa nusu, yakaja kwangu. Yakabaki kwangu.

"Ndeshi," akasema polepole. "Haya masale nani aliyakata?"

"Mimi."

"Ukayapeleka."

"Yalifika, Baba Mkubwa."

Wote wanasubiri. Nikaona anavyopigana moyoni. Akisema ukweli, atakuwa amekataa masale yaliyopokelewa, mbele ya mwinjilisti, yeye aliyeniambia mchana huu huu kwamba hakuna kurudi nyuma hata kama aliyeyaleta ni kichaa. Na kichaa ndiye huyu hapa, na majani kichwani.

Mama Mkubwa akakohoa kidogo.

"Karibuni ndani," akasema Baba Mkubwa. Kisha akamgeukia Mzee Anaeli, kama mtu anayemeza dawa chungu. "Na huyo ng'ombe?"

Mzee Anaeli akamtazama Digrii kwa muda mrefu. Mrefu mno. Nikaona jasho kwenye singlendi ya Baba Mkubwa.

"Ng'ombe mwenye mimba haondolewi kwao," akasema mwisho. "Abaki. Ndama tutamwongelea."

"Aika, meku," akasema Baba Mkubwa, na hiyo asante ilikuwa ya kweli kabisa.

Maharage yalikuwa yameungua. Sikusema. Harufu ilisema.

Jumuiya wakamalizia sala barazani, Mama Mkubwa akatoa mbege, pombe yetu ya ndizi, iliyokuwa imefichwa (ilifichwa kwa ajili ya siku gani, sijui, ila mwinjilisti alikuwa ameshaaga). Wazee wawili wakakaa sebuleni, kochi moja, mto katikati yao.  Miaka yote ile ya kutosalimiana, unaanzia wapi? Na kwenye runinga gemu langu limesimama: manne bila.

"Hii mechi ya leo?" Mzee Anaeli akauliza.

"Ni gemu," akasema Baba Mkubwa. "La huyu. Hawa wa jezi nyeupe ndio yeye."

"Anayefungwa?"

"Huyo huyo."

Mzee Anaeli akachukua pedi ya kuchezea, akaishika juu chini. Nikasogea nimwelekeze: babu, hapa unapiga, hapa unapasi. Nikampa nafasi, nikacheza naye kwa huruma. Akanifunga. Nikaacha huruma. Akanifunga tena, pedi ikiwa bado juu chini, watu wakichungulia dirishani wanashangilia.

"Toka, nipe mimi," akasema Baba Mkubwa.

Nikatoka. Mto wa katikati nao ukatoka.

"Achia, meku, achia!" akasema Baba Mkubwa. "Unakaa na mpira kama ni parachichi lako!"

"Nimekaa nao kwa sababu ni wangu! Wewe umezoea kukata vya watu!"

"Nakata tena, tazama! Nakata... Aaa, refa! Refa huyu katoka Kibosho, kwa watani wetu!"

Walikuwa wanacheka mpaka mbege inamwagika. Mama Mkubwa alisimama mlangoni na bakuli la maparachichi yaliyotoka upande wa pili, halali kabisa, anawatazama. Mimi nikatumwa kukamua. Nimemkamua Digrii nikisikia makelele dirishani, nikajiuliza kwa mara ya kwanza leo kama huenda zile faida nilizozikariri zilikuwa za kweli. (Ushahidi ni wazee wawili na ng'ombe mmoja. Hautoshi. Lakini nimeuona.)

Jua likielekea kuzama nikaaga. Baba Mkubwa akanipa ufunguo wa chumba cha Majengo bila kuondoa macho kwenye runinga.

"Chukua. Umenishawishi. Gemu zina faida."

Nikaruka! Nikapiga magoti! Nikainuka kuchomoa waya za mashine.

"Unafanya nini?"

"Nafungasha, Baba Mkubwa. Chumba cha gemu."

"Chumba si nimekupa? Hii inabaki. Anaeli anakuja kesho, ananidai mechi moja."

"Baba Mkubwa, tafadhali! Sasa nitafungua na nini?"

Hapo ndipo alipoondoa macho kwenye runinga. Akanitabasamia mimi kwa mara ya kwanza leo, meno yote.

"Ukiihitaji sana, unajua namna ya kuniomba. Njoo na jani."

Kwa hiyo niko Majengo sasa hivi. Nimekaa sakafuni kwenye chumba cha gemu kisicho na gemu, na ufunguo ninao. Msicheke. Ila kama kuna mtu hapa mjini ana masale uani kwake, mabichi, yasiyovunjika, aniambie nipite asubuhi kabla sijapanda Machame.